Ukiwa na mimba, unalala na mito mingapi?

FundiWaNyalenda
Jumapili, saa 3:10 usiku

Habari za jioni nyote. Hadithi hii nimekaa nayo miaka, na kilichonifanya niitoe leo ni dada mmoja aliyekuja kibandani kwangu jana kupimwa nguo ya harusi ya mdogo wake. Ana mimba ya miezi saba. Nilipomzungushia tepu kifuani akaniomba nisubiri apate pumzi, na alikuwa amesimama tu. Nikamuuliza usiku analalaje. Akacheka. Akasema siku hizi halali, anakaa kwenye kochi mpaka kupambazuke kwa sababu mtoto anamsukuma mbavu.

Nikaweka tepu chini. Hata mimi nilisema mtoto ananisukuma mbavu.

Mwaka 2021 nilikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza ilipita salama, kwa hiyo hii sikuiogopa. Tunakaa ghorofa ya tatu. Mwezi wa tano wa mimba nikaanza kupumzika ghorofa ya pili. Mwezi wa sita nikawa napumzika kila ghorofa, ndoo ya maji nikamwachia mume. Kliniki wakasema damu ni kidogo, nikapewa vidonge, nikameza. Kikaja kikohozi, mchana kikavu, usiku kina povu lenye wekundu kidogo. Kituo kingine wakasema ni nimonia, nikachomwa sindano siku 5. Jirani akasema ni TB, nikatoa makohozi, hawakuona kitu. Shemeji yangu naye alikuwa na yake, kwamba kuna mwenye jicho baya Kibuye aliyeniona nikishona nguo za mtoto kabla hajazaliwa. Nilizunguka hivyo wiki sita.

Kitu kimoja hakuna aliyeniuliza, nami sikujua kuwa ni cha kusema: nililala na mto mmoja, ikawa miwili, halafu nikaanza kubeba furushi la vitambaa vya wateja kutoka kibandani, naliegemeza ukutani, nalala nimeketi. Mteja mmoja alilalamika suti yake ina makunyanzi. Sikumwambia nimeilalia.

Aliyenigundua ni afisa wa kliniki kijana wa zamu ya usiku. Kabla hajanigusa akauliza, "Mama, unalala na mito mingapi?" Nikamweleza habari ya furushi. Akanilaza kiubavu upande wa kushoto, akaweka stetoskopu chini ya titi, akanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akaniwekea masikioni nisikie mwenyewe. Ukiwa ndani ya nyumba usiku, ukasikia lori linapanda mlima mbali huko, ndivyo ilivyokuwa. Akauliza kama utotoni niliwahi kuumwa koo halafu viungo vikavimba.

Nikakumbuka Ahero, nikiwa darasa la nne. Magoti yalivimba, yakapoa, maumivu yakahamia viwiko. Dani, nyanya yangu, alinikanda kwa maji ya chumvi. Nikakaa nyumbani wiki tatu, nikarudi shule, kila mtu akasahau.

Moyo haukusahau. Koo la bakteria lisipotibiwa vizuri, kinga ya mwili inaweza kuchanganyikiwa ikaanza kushambulia viungo na valvu za moyo, ile milango midogo ya kupitisha damu. Viungo hupona. Valvu hubaki na kovu, na kovu hukaza polepole miaka 10, hata 20. Yangu ilikuwa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, mitrali, na ilikuwa imebana sana. Sikuwa na habari kwa sababu ukiwa huna mimba, damu inapenya hivyo hivyo. Fikirieni matatu ambayo mlango wake unafunguka nusu. Siku ya kawaida watu wanashuka mmoja mmoja, hakuna anayelalamika. Mimba inaongeza damu mwilini kwa karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo. Hiyo sasa ni Ijumaa jioni stendi, na mlango ni ule ule. Waliokosa kupita wanarundikana nyuma, na nyuma ya mlango huo ni mapafu. Ndiyo maana ukilala chali unazama.

Nikalazwa hospitali ya rufaa. Nilipigwa eko (ile picha ya moyo, mashine ni kama ya kumwangalia mtoto, wanaisogeza kifuani). Nikapewa Lasix ya kutoa maji, nikakojoa kama mbuzi wa mvua, na usiku wa pili nililala na mto mmoja. Nililia. Nikapewa pia dawa ya kupunguza mapigo ili damu ipate muda wa kupita. Nilijifungua wiki ya 37 kwa njia ya kawaida, ila sikuruhusiwa kusukuma kwa nguvu, walinisaidia kumvuta mtoto kwa kifaa. Mtoto alipofika miezi minne nikapelekwa Nairobi, valvu ikapanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja. Sasa napanda ghorofa tatu na ndoo.

Basi nauliza wenye mimba humu, na wenye wake wenye mimba: mito mingapi?

---

KijanaWaLurambi
Jumapili, saa 3:41 usiku

Pole dada. Lakini tusiwatishe akina mama. Kukhu (nyanya) yangu alizaa watoto 11 huko Kakamega, hakuna eko, hakuna kliniki, na alikuwa analima mpaka siku ya uchungu. Mimba ni pumzi fupi, kila mtu anajua.

---

MkungaMstaafu_Siaya
Jumapili, saa 4:05 usiku

Mjukuu wangu wa Lurambi, kukhu unayemwona ni yule aliyebaki. Wenzake waliokufa siku ya tatu baada ya kujifungua, watu wakasema "damu ilimpanda", hawakupata wajukuu wa kuandika mtandaoni.

Nimefanya kazi wodi ya uzazi miaka mingi, na nakubaliana nawe nusu. Pumzi fupi ni ya mimba kweli. Moyo wa mama mjamzito unasukuma damu zaidi kwa asilimia 30 hadi 50, mapigo yanaongezeka 10 hadi 20 kwa dakika, na kilele kinafika karibu wiki ya 28 hadi 32. Mama akipanda ngazi akahema, simshangai. Kinachonishtua ni anayehema akiwa ameketi anachambua mboga. Au anayeamka saa nane usiku akikimbilia dirisha. Au anayezimia, maana kizunguzungu ni kimoja na kuanguka ni kingine. Au aliyepima mapigo akiwa ametulia yakapita 100, tena akapima, tena yakapita. Miguu kuvimba jioni kwa mama aliyeshinda amesimama sokoni, sawa. Uso kuvimba asubuhi, njoo tukuone. Povu lenye damu, usingoje hata kunipigia simu.

FundiWaNyalenda ametaja mito, na ndivyo tulivyofundishwa kuuliza. Lakini foleni ikiwa na akina mama 60 na wauguzi 2, swali hilo linaliwa na muda. Sitetei, nasema lilivyo. Ndiyo maana mama aje nalo mwenyewe mdomoni.

---

BodaMamboleo
Jumapili, saa 4:20 usiku

Mke wangu ana wiki 30. Anakohoa usiku. Anasema ni vumbi la barabara. Kliniki yake ni Alhamisi, nitamkumbusha aseme.

---

NyarUgenya
Jumapili, saa 4:48 usiku

Yangu haikuwa valvu na haikuwa wakati wa mimba, ndiyo maana naandika.

Sikuwahi kuugua koo wala viungo. Nilizaa vizuri, nikaenda nyumbani kwa wakwe, nikapikiwa uji wa wimbi, nikachinjiwa jogoo. Wiki ya tatu nikaanza kuchoka. Nani hachoki na mtoto wa wiki tatu? Miguu ikavimba, mama mkwe akasema nimetembea mapema. Nikashindwa kulala chini, wakasema nina mawazo. Siku niliyoshindwa kumwinua mtoto kutoka kitandani, mume wangu akakodi gari.

Daktari alisema ni udhaifu wa misuli ya moyo unaokuja na uzazi. Unaweza kuanza mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kuzaa, na unampata mtu ambaye moyo wake haujawahi kusumbua. Moyo wenye afya ukipiga, hutoa asilimia 55 au zaidi ya damu iliyo ndani ya kile chumba kikubwa. Wangu ulikuwa unatoa 25. Nilipewa dawa za moyo na zile za kuzuia damu kuganda. Nikapewa pia bromokriptini, inayokausha maziwa. Hapo ndipo vita ilipoanzia nyumbani, si hospitalini. Mama mkwe alisema nimekataa kunyonyesha ili nisiharibu matiti.

Baada ya mwaka ulifika 50. Sikatazwi kuishi, lakini mtoto wa pili nimeambiwa nisijaribu kabla hawajanipima tena, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi na mimba nyingine, na ukirudi moyo ukiwa bado dhaifu unaweza kuua. Kila Krismasi naulizwa mbona mtoto hana mwenzake. Nishazoea kujibu "Mungu akipenda" na kupakua chakula.

---

FundiWaNyalenda
Jumapili, saa 4:57 usiku

Nyar Ugenya, pole sana nyamin, dada yangu. Hiyo ya kuambiwa una mawazo ndiyo inauma.

---

MkungaMstaafu_Siaya
Jumapili, saa 5:12 usiku

Hapa binti yetu amegusa kitu ambacho hata wahudumu hukisahau. Mtoto akishatoka, watu hupiga vigelegele na kuondoka chumbani, wakati kwa mwenye moyo hiyo ndiyo saa mbaya. Mji wa mimba ukikaza, damu iliyokuwa huko inarudi kwenye mzunguko kwa mkupuo mmoja. Mlango ni ule ule mwembamba wa matatu ya fundi. Siku tatu za kwanza mama huyo hatakiwi kuachwa bila kuangaliwa, hata awe anacheka na kula.

Na jambo la sindano. Ipo inayoitwa ergometrini, ya kuzuia damu kutoka baada ya kuzaa. Inabana mishipa na kupandisha presha. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo hapewi, kuna dawa nyingine. Mkunga wa zamu huenda hajakufungulia kijitabu. Mwambie kwa mdomo wako, au mwenye kukusindikiza aseme: huyu ana moyo.

---

ValvuYaChuma_Njoro
Jumapili, saa 5:30 usiku

Nasalimia kutoka upande wa Nakuru. Mimi nilifanyiwa upasuaji nikiwa na miaka 19, nina valvu ya chuma. Chumba kikiwa kimya unaisikia inagonga kama saa ya ukutani. Mume wangu anasema ikinyamaza ndipo atakapoamka.

Ukiwa na valvu ya chuma unameza warfarini maisha yote, la sivyo damu inaganda kwenye chuma. Warfarini inapita kwa mtoto, na inaweza kumharibu anapoumbwa, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Heparini, ya sindano, haipiti kwa mtoto, lakini hailindi valvu vizuri kama warfarini. Kwa hiyo ni mama na mtoto wanavutana kamba moja. Madaktari wanaangalia dozi yako: ukitumia miligramu 5 kwa siku au chini ya hapo, hatari kwa mtoto ni ndogo kuliko ukitumia zaidi. Wengine wanahamishiwa sindano za heparini miezi ile ya mwanzo kisha wanarudishwa, na karibu na kujifungua wanabadilishiwa tena. Kipimo cha kuganda kwa damu ni kila mara, mikono yangu ilikuwa na alama kama ya mtumiaji wa dawa za kulevya.

Niliyelala naye wodini aliambiwa na rafiki kuwa dawa inaua mtoto, akaiacha mwenyewe kimyakimya. Sitaandika yaliyompata. Panga na daktari kabla ya kushika mimba, na ukishashika bila mpango, nenda wiki hiyo hiyo huku unaendelea kumeza mpaka wao wakuambie.

---

KijanaWaLurambi
Jumapili, saa 5:44 usiku

Haya, nimesoma yote. Naondoa la kukhu. Lakini presha ya mimba nayo si ndiyo moyo huo huo? Dada yangu ilimpata mwaka jana, akapasuliwa wiki ya 34.

---

ValvuYaChuma_Njoro
Jumapili, saa 5:52 usiku

Mkunga atajibu kitaalamu zaidi. Ninachojua, presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 na mkojo una protini, wanaita priklampsia, na dada yako aliipata mapema.

---

MkungaMstaafu_Siaya
Jumapili, saa 6:03 usiku

Ndivyo. Na watu hudhani mtoto akitoka presha imeaga. Mara nyingi inashuka wiki zinazofuata, lakini mama aliyewahi kupata priklampsia ana hatari karibu mara mbili ya kuugua moyo au kiharusi miaka ya mbele kuliko asiyeipata. Dada yako apimwe presha kila mwaka hata akijisikia mzima. Akitaka mimba nyingine, aende mapema, maana wengi wa aina yake huanzishiwa aspirini ya dozi ndogo karibu wiki ya 12. Na kama sasa anameza enalapril au losartan, abadilishiwe kabla ya mimba. Hizo huumiza figo za mtoto tumboni.

Nalala sasa. Macho ya uzee.

---

MamaOmena_Dunga
Jumatatu, saa 12:35 asubuhi

Nimeamkia huu uzi. Swali la haraka: mwenye moyo atumie nini kupanga uzazi? Mimi nina valvu inayovuja na nimepewa vidonge.

---

MkungaMstaafu_Siaya
Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Angalia pakiti, mwanangu. Vile vya mchanganyiko vyenye estrojeni vinaongeza kuganda kwa damu, na kwa wengi wenye moyo havifai. Vijiti vya mkononi havina estrojeni, koili pia. Nenda nayo pakiti yenyewe kliniki, usiwaelezee rangi ya vidonge. Halafu uliza kama unatakiwa sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4. Kama valvu iliharibiwa na koo la utotoni, sindano hiyo inazuia shambulio lingine, na mimba haiikatizi.

---

FundiWaNyalenda
Jumatatu, saa 10:15 jioni

Nimerudi na habari za mteja wangu. Nilimpa nauli, akaenda leo. Wamemsikiliza moyo, wamempiga eko, moyo uko sawa kabisa. Damu ndiyo ilikuwa kidogo, 6.4. Amelazwa aongezewe.

---

KijanaWaLurambi
Jumatatu, saa 10:22 jioni

Si nilisema? Ilikuwa damu tu.

---

FundiWaNyalenda
Jumatatu, saa 10:26 jioni

"Tu." Damu 6 inaweza kuuchosha hata moyo wenye afya mpaka ushindwe, ndivyo daktari alivyomwambia. Angebaki kwenye lile kochi akisubiri mtoto aache kusukuma mbavu.

---

BodaMamboleo
Jumatatu, saa 5:08 usiku

Nimetoka kazini sasa hivi. Nimeingia chumbani na tochi ya simu. Mito miwili, na jaketi langu la boda limekunjwa chini yake. Amelala ameketi. Sikuwa najua jaketi linaenda wapi usiku, nilikuwa naliokota chini asubuhi.

---

FundiWaNyalenda
Jumatatu, saa 5:10 usiku

Mwamshe. Anaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi?

---

BodaMamboleo
Jumatatu, saa 5:13 usiku

Anakata. Maneno manne, anavuta.

---

MkungaMstaafu_Siaya
Jumatatu, saa 5:14 usiku

Achana na Alhamisi. Ondokeni sasa, na iwe hospitali kubwa, si dispensari. Usimpakie kwenye pikipiki. Tafuta gari, aketi wima, miguu iteremke, asilazwe kitini hata akisema amechoka. Beba kijitabu cha kliniki na kitambulisho cha SHA, ile bima ya afya ya serikali. Ukifika usiseme "ana kikohozi". Sema hawezi kulala chali na ana wiki 30.

---

BodaMamboleo
Jumatatu, saa 5:17 usiku

Jirani ana Probox. Tunatoka.

---

NyarUgenya
Jumanne, saa 12:10 asubuhi

Boda, mko wapi?

---

MamaOmena_Dunga
Jumanne, saa 1:02 asubuhi

Sisi huku tunaangalia simu tu.

---

BodaMamboleo
Jumanne, saa 3:40 asubuhi

Samahani, chaji iliisha. Tulipokelewa saa sita usiku. Nilisema vile mkunga alivyoniambia na nesi hakuniuliza la pili, aliita daktari. Wamemwekea oksijeni na Lasix ya mshipa. Daktari amesikia sauti, amemuuliza kuhusu koo na magoti. Akasema ndiyo, akiwa mdogo kule Yala. Miaka mitano ya ndoa sikuwahi kusikia hiyo habari. Mapigo ya mtoto ni mazuri. Tunangoja eko, tuko namba 6.

---

FundiWaNyalenda
Jumanne, saa 3:44 asubuhi

Analala vipi sasa?

---

BodaMamboleo
Jumanne, saa 3:51 asubuhi

Wamemwinulia kitanda kidogo, amesinzia. Jaketi nimelivaa mimi, hapa korido kuna baridi.